Hewa ya Saa Kumi

Nyumbani, 9 Januari

Kwako mdogo wangu Kobe,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, ukiacha miguu yangu, ambayo tangu watuletee ile meza mpya ya kukunjia mashuka pale hospitalini imekuwa mizito kama nimeazima kwa mtu. Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama huko mlimani bado mnaipima hewa au mmeanza kuila, maana barua zako hazina habari ya chakula hata siku moja. Binti yako hajambo. Jino la mbele limeng'oka, la pili linacheza na hataki mtu aliguse. Maneno hayajapungua. Jina la Chiriku tulimpa kwa utani, sasa hata mwalimu wake analitumia, na kwenye ripoti ya muhula ameandika hivi tu: "Ana akili. Hanyamazi." Anakuulizia kila siku.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Shemeji yako amehamishwa. Wanamtaka kwenye mitambo ya maji ya mji ule wa upande wa pili wa nchi, safari ya siku mbili kwa basi. Tutaondoka tarehe 28 Juni, shule zikishafunga. Mimi nimeomba kazi kwenye hospitali ya huko na wamenikubalia, kwa sababu mashuka yanachafuka popote.

Kwa hiyo Chiriku. Ulipomwacha kwangu ulisema miezi sita. Wifi, Mungu amrehemu, alikuwa na mwezi mmoja tu kaburini na sikuwa na moyo wa kukubishia. Miezi sita imekuwa mwaka na miezi miwili. Watu wa ustawi wa jamii wanasema hatuwezi kumhamisha mtoto mbali hivyo bila karatasi ya baba yake. Nimekuwekea fomu humu ndani. Ni moja kati ya mawili: uje umchukue kabla ya tarehe 28 Juni, au utie saini aende nasi na abaki kwetu moja kwa moja mpaka awe mtu mzima. Katikati hakuna.

Mimi nasema uje. Jibu upesi, usinifanyie ukobe wako.

Dada yako


Kituoni, 2 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana. Gari la mahitaji linapanda kila baada ya wiki mbili, na safari hii lilichelewa kwa sababu ya theluji, kwa hiyo usinihesabie siku zote hizo. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mwambie shemeji kwamba chakula kipo, ila kukipika ni kazi. Huku juu maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, na viazi bila sufuria ya presha unaweza kuvichemsha asubuhi hadi jioni vikakutazama tu. Mpishi wetu tunamwita Chumvi kwa sababu ana mkono mzito wa kuitia. Tupo wanne: mkuu wa kituo, Chumvi, fundi umeme ambaye jina lake sasa ni Shoti, na mimi. Mkuu ndiye pekee ambaye hana jina la utani, labda analo na hatujaambiana.

Uliwahi kuniuliza tunapima nini, hewa si hewa. Si hewa tu, dada. Hewa inayofika hapa imetembea siku nyingi bila kupita puani kwa mtu wala kwenye bomba la gari, ndiyo maana tumepanda kuifuata. Kuna bomba linaivuta na kuipeleka ndani kwenye mashine, na mashine inahesabu humo ndani kuna hewa ukaa kiasi gani, ile tunayoitoa tukipumua na inayotoka kwenye moshi. Inahesabu kila dakika, mchana na usiku, miaka ishirini na saba sasa. Namba zinakwenda maabara ya chini, na huko wanazisoma watu wa nchi nyingi.

Mwezi uliopita dhoruba ilivunja mlingoti uliokuwa umebeba mdomo wa bomba. Kipuri hakitafika hadi barabara ifunguke, kwa hiyo tumeushusha na kuufunga kwenye ukuta mfupi wa baraza, upande unakotoka upepo. Sasa uko usawa wa kichwa cha mtu. Hilo ni tatizo, kwa sababu pumzi moja karibu na pale ni sawa na kumwaga chai kwenye ndoo ya maji safi. Nimechukua ubao na rangi nyekundu nikaandika USISIMAME HAPA. Chumvi anasema mwandiko wangu ni wa mtu wa kumwogopa.

Mnisalimie Chiriku. Fomu nimeiona.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Februari

Kobe,

Sisi wazima. Shemeji yako alijikata kidole kwa msumeno lakini kidole kipo, na kelele alizopiga zingetosha miguu miwili. Chiriku amehamia dawati la mbele kwa sababu mwalimu anataka kumwona akianza kufungua mdomo. Anakusalimu. Anakuulizia.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu. Nimejifunza mengi kuhusu viazi. "Fomu nimeiona." Mimi pia nimeiona, ndiye niliyeituma. Mnayo simu hapo kituoni, na mkuu wenu alinipa namba ulipopanda huko, kwa hiyo usiniambie ni gari. Simu mnayo, hutaki kuipiga.

Nikuambie jambo la kazini. Wiki hii tumepewa amri ya kukata mashuka yote ya zamani yawe matambara ya kudekia. Tunayapanga kwa wodi, kila moja lina muhuri wake wa wino kwenye pindo. Jumanne yalikuwa ya wodi namba nne. Unajua ni wodi gani. Nilichukua mkasi nikakata, mia na kitu, hadi mchana, nikaenda kula. Sikusikia chochote. Ni wakati wa kunawa mikono ndipo niliposhangaa kwamba sikusikia chochote, nikasimama pale bombani hadi mwenzangu akaniuliza kama maji yamekatika.

Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia kwa sababu naona sote wawili tumekuwa wa hivyo, na katikati yetu kuna mtoto anayeota meno. Tarehe ni 28 Juni. Jikaze kisabuni uamue.

Dada yako


Kituoni, 30 Machi

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Barabara ilifungwa wiki tano, barua yako imefika pamoja na vitunguu vilivyoganda. Pole kwa kidole cha shemeji. Hapa tu wazima, isipokuwa Chumvi anayetoka damu puani kila akiinama, na anasema ni dalili ya ukoo bora. Zamu yangu ilikwisha mwanzoni mwa mwezi huu. Mwenzangu aliyepaswa kupanda mke wake amejifungua, nikasema nibaki. Ni mara ya tatu nabaki. Mkuu aliniuliza kama nina watu chini, nikasema ninao.

Tuna kitendawili hapa. Maabara ya chini wametuandikia kwamba kwenye grafu yetu kuna vilima vidogo. Hewa ukaa inakwenda sawasawa kama mstari wa rula, halafu kwenye saa kumi jioni inapanda, inakaa juu kiasi, inashuka. Kesho yake tena, saa ileile. Imeanza tangu tushushe bomba. Wanauliza kuna nini hapo kituoni kinachowaka saa kumi.

Tumefanya upelelezi. Wa kwanza kushtakiwa alikuwa Chumvi, kwa sababu ya jiko. Alikasirika, akazima jiko siku tatu tukala biskuti, na kilima kikatokea vilevile. Wa pili jenereta. Shoti akaizima, tukatumia betri, kilima kikatokea. Wa tatu Shoti mwenyewe, maana anavuta sigara mbili kwa siku akidhani hatujui. Akaapa kwamba anavutia upande wa choo, na choo kiko nyuma ya upepo. Mkuu alikwenda kuhakikisha, akarudi ananuka sigara na yeye.

Jambo linaloshangaza zaidi ni kwamba Jumamosi na Jumapili kilima hakitokei. Huku hakuna Jumamosi, dada. Siku zote ni moja, tunafanya kazi ileile, tunakula saa zilezile. Kalenda iko ofisini na haifunuliwi mpaka mkuu akumbuke. Nani mlimani hapa anapumzika wikendi?

Fomu iko mezani kwangu. Imepata doa la kikombe lakini inasomeka.

Habari ya wodi namba nne nimeisoma.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Chiriku alipata homa siku mbili, imepungua, jana alikula. Usiwe na wasiwasi. Tumeanza kufunga vyombo visivyotumika kwenye maboksi.

Nimefikiri, na sitaki tugombane kwa barua. Kama kuja ni kugumu, basi tia saini tu. Si vibaya. Hakuna atakayekusema, na akitokea wa kukusema nitamjibu mimi. Mtoto ana kitanda, ana watu, nyumba ya kule ina chumba chake. Wewe una kazi ambayo watu wa nchi nyingi wanaisoma. Tia saini mahali pale penye mstari chini kabisa, tarehe pembeni, uirudishe na gari.

Na kama utakuja, njoo mapema, usije siku ya mwisho.

Dada yako


Kituoni, 11 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini homa haikurudi. Hapa hatujambo, theluji imeyeyuka upande wa jua na gari linapita bila minyororo. Chumvi amepata sufuria mpya na anaisemesha.

Habari ya vilima imekwisha. Ni mimi.

Nakuandikia kwa urefu, maana nikiandika ndiyo naelewa mwenyewe. Jumatano iliyopita mkuu alisema kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kila mtu awe mahali panapojulikana: Chumvi jikoni, Shoti chumba cha betri, yeye ofisini, na mimi chumba cha mashine nikiangalia skrini. Nikaangalia. Baadaye nikaona kilima kimetokea, kikubwa kuliko vyote. Nikakimbia kuwaita nikifurahi, nikawaambia sote tulikuwa ndani na kilima kimetokea, kwa hiyo tumetakasika, kinatoka bondeni.

Mkuu akaniuliza, "Wewe ulikuwa ndani muda wote?"

Nikasema ndiyo, nilitoka dakika moja tu kunyoosha mgongo.

Shoti akasema, "Kaka, umetoka karibu saa nzima. Mimi dirishani naona bega lako kila siku. Kwani wewe hukujua? Mimi nilidhani unakwenda kule pembeni kusali, nikakuacha."

Tukatoka nje wote wanne. Theluji iliyobaki pale chini ya ukuta ilikuwa imekanyagwa ikawa barafu, nyayo mbili tu, zimeelekea bondeni, na ubao wangu mwekundu uko juu yake. Chumvi alicheka. Wengine hawakucheka, akaacha.

Dada, mimi nilijua ninatoka. Nilidhani natoka mara mojamoja, nikitaka, dakika moja. Mashine inasema ni dakika hamsini, na inasema ni kila siku, kasoro Jumamosi na Jumapili. Nilibishana nayo kwa siku mbili. Nikachukua daftari la zamu nikalinganisha. Siku niliyoumwa kichwa nikalala, hakuna kilima. Siku niliyoteremka na gari kupokea mizigo, hakuna.

Sasa kumbuka mwaka ule mama Chiriku alipokuwa wodini. Saa kumi nilikuwa namchukua mtoto getini kwa shule, tunatembea hadi hospitali. Jumamosi na Jumapili mtoto ulikuwa unakaa naye wewe. Mimi sikukumbuka. Ilibidi nione namba.

Nitakuambia nililokuwa naficha, nimechoka kulificha. Tangu tumzike sisikii kitu. Si huzuni, huzuni ningeijua. Ni ganzi, kama ile ya daktari wa meno, unagusa shavu unajua ni shavu, lakini ni la mtu mwingine. Nilipanda huku kwa sababu huku kila mtu ana ganzi ya baridi na hakuna anayekuuliza. Nikaona mtoto hawezi kulelewa na mtu wa namna hii, kwenu angalau kuna kelele. Lakini kila nikishika kalamu nitie saini, mkono haukwenda, na kila nikitaka kuomba nishuke, mdomo haukwenda. Ndiyo maana nilikuandikia viazi.

Bado sisikii kitu. Sitaki nikudanganye kwamba mashine imeniponya. Ila kama miguu yangu inakwenda getini kila siku ya shule kwa miezi minne bila kuniuliza, basi afadhali iende kwenye geti lenyewe.

Nimemwambia mkuu. Hakunikaripia. Tumelazimika kuzitia alama jioni zote hizo ili zisitumike, na kwenye safu ya kueleza sababu mkuu alinipa kalamu niandike mwenyewe. Nimeandika "mtu", mara themanini na moja.

Maabara ya chini wana nafasi ya kusoma namba zinazotoka huku. Nimeiomba nimepewa. Nateremka na gari la tarehe 16 Juni, kwako nitafika tarehe 18. Fomu nimeichana. Mwambie Chiriku nakuja kumchukua.

Mdogo wako


Mjini, 19 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini mlifika salama na shemeji ameizoea mitambo yake. Nasi hatujambo. Tuna vyumba viwili juu ya duka la vioo, mchana kutwa tunasikia wakikata. Maabara iko mwendo wa dakika kumi. Shule inafunguliwa mwezi ujao. Kwa sasa nakwenda naye kazini, anakaa kwenye kiti cha mgeni, anachora nyuma ya karatasi za grafu. Watu wa ofisini wanampenda kwa sababu hasumbui.

Hilo ndilo ninalotaka kukuuliza. Hasumbui kabisa. Umenipa mtoto anayeitwa Chiriku na mimi ninaye mtoto anayetikisa kichwa. Nikimuuliza unataka mkate, anatikisa. Unataka uji, anatikisa. Mwezi mzima sasa. Ndiyo na hapana anasema, akishurutishwa. Anakula, analala, hana homa, nimempeleka kwa daktari, akachungulia koo na masikio akasema mtoto mzima. Akinihitaji haniiti. Anakuja anasimama karibu yangu mpaka nigeuke. Jana nilikuwa nasoma, sijui alisimama pale muda gani.

Nywele najitahidi. Mama wa duka la vioo alinitazama nikimchana akaninyang'anya kitana.

Mimi niko vilevile. Namchukua, namfulia, namfunga viatu, naona mikono yangu inafanya. Wakati mwingine namtazama nasubiri nisikie kitu, na nahisi yeye pia ananitazama akisubiri. Naogopa, dada. Hilo angalau nalisikia, woga. Naogopa nimemtoa mahali alipokuwa anaongea nikamleta mahali pa kunyamaza.

Swali langu ni hili, na nauliza kwa upole. Kila barua uliniandikia kwamba ananiulizia. Mtoto aliyekuwa akiniulizia kila siku, mbona ananitazama kama fundi aliyekuja kurekebisha bomba? Kama nimekosea, niambie, nipande basi nimlete kwenu hata kesho. Safari hii nitatia saini.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika. Sisi tupo. Shemeji yako anatoka asubuhi anarudi jioni, anasema pampu za huku ni kongwe kuliko yeye. Chumba cha mashuka kina dirisha. Nakunja, napanga, narudi nyumbani. Kile chumba cha ziada nimeweka meza ya kupigia pasi. Namba yako ya simu ninayo na sikuipiga, kwa sababu kwenye simu ningesema hatujambo kisha nikate.

Umeniuliza, nikujibu. Hakukuulizia. Miezi miwili ya mwanzo alikuulizia kila siku, mpaka nikawa namkimbia. Halafu siku kwa siku akaacha. Mimi nikaendelea kuandika hivyo, mwanzoni ili usivunjike moyo. Baadaye sikuwa na sababu.

Usipande basi. Kwanza nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuandikia uje, nikawa namwomba Mungu usije. Gari likichelewa nilifurahi. Ulipoandika habari za viazi nilikutukana mbele ya shemeji yako, kisha nikaenda chumbani nikacheka peke yangu kwa raha. Mwezi wa nne nilipokuambia utie saini, nilikuwa nimeshakata mapazia ya chumba chake kwa kitambaa alichochagua yeye, cha njano. Miaka kumi na moja mimi na shemeji yako tumekaa bila mtoto, na hujawahi kunisikia nikisema neno. Sikusema kwa sababu sikuwa na la kusema. Ndiyo hayo.

Na kuna jambo moja ambalo sikukuandikia hata kwa mbali. Chiriku alikuwa ananiita mama. Alianza Oktoba iliyopita, tuliponyeshewa na mvua tukawa tunakimbia, akasema "Mama, nisubiri," na mimi nikasimama. Sikumrekebisha siku ile wala kesho yake. Ikawa ndilo jina langu ndani ya nyumba, na shemeji yako akawa baba. Wewe hukuwa na jina.

Barua yako ya Mei ilipofika nilijua nina wiki tano. Nikapoteza nne. Asubuhi ya siku mliyoondoka, wewe ukiwa chini unafunga mizigo na shemeji yako, nilimkalisha kwenye ngazi. Nikamwambia mimi si mama, mimi ni shangazi, yule chini ndiye baba. Sema. Akasema, "Mama." Nikamwambia hapana. Akasema tena, nikamwambia hapana, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, kwa sababu nilijua akilisema mara ya tatu sitamtoa nje ya ule mlango. Kisha akasema, "Shangazi," polepole, akiniangalia mdomo kuona kama amepatia. Nikasema vizuri. Hakusema kingine mpaka mkaondoka, wewe ukadhani ana usingizi.

Kwa hiyo usimpeleke tena kwa daktari, na usidhani ni ganzi yako iliyomwambukiza. Anaogopa kumwita mtu. Alimwita mtu jina analolijua, akaambiwa hapana mara mbili, na mtu mwenyewe akampakia kwenye gari.

Mwambie ni mimi niliyekosea, siyo yeye. Mwambie aniite anavyotaka.

Dada yako